Kuku wa Njia Panda katika Jiko la Kanu

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2019. Msimuliaji ni mimi, Zuberi Athumani Mkwizu. Paukwa, wadogo na wakubwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, zamani ambazo kwa bahati mbaya hakuna aliyeziandikia tarehe, aliishi mjane, Bibi Fungo, pamoja na mkwewe, Kanu, mke wa mwanawe. Mzee Fungo alipokuwa hai, kila mwisho wa mwezi alimletea mkewe kuku wa kukaanga kutoka duka la Mbweha, pale njia panda. Kuku mwenye ganda la unga. Kacha, kacha. Wakala wawili, mkeka mmoja.

Mzee akafa. Mbweha naye akafunga duka, akahama. Bibi Fungo akaacha kula. Uji akausukuma. Wali akausukuma. Akakonda, akabaki macho na mkia.

"Mama, utakula nini?" Kanu akauliza.

"Kuku wa Mbweha, mwanangu. Kipande kimoja tu."

Kanu akachinja kuku. Akamwosha kwa ndimu. Akamchemsha kwa tangawizi, kama alivyofundwa, maana kwao kumkaanga kuku asiyechemshwa ni aibu ya jikoni. Kisha akamviringisha katika unga, akamtia mafutani. Chwaa! Unga ukabanduka, ukazama.

Jirani yao, Nguchiro, akachungulia dirishani. "Shemeji, kuku wako kavua nguo."

"Umekuja kucheka au kuomba mafuta?"

"Kucheka. Mafuta nitaomba kesho."

Kesho yake Kanu hakuchemsha, ingawa roho ilimsuta. Akawasha moto mkali. Chwaa! Nje makaa, ndani damu. Bibi akaonja, akatema taratibu.

"Ahsante, mwanangu. Siye."

Kanu akaketi, akawaza. Akakumbuka kipande alichomegewa na Mzee siku alipoletwa nyumbani hapo akiwa bibi harusi. Nyama yake ilikuwa laini, yenye uchachu wa mbali. Basi akamlaza kuku mbichi katika maziwa mgando, chumvi na pilipili manga, hata kukakucha. Akamgandamiza katika unga, akamwacha atulie mpaka unga ukashika. Safari hii moto ukawa wa upole. Chwaa, chwaa, chwaa. Harufu ikatoka, ikaenda kubisha hodi kwa Nguchiro.

Bibi akauma. Kacha. Akatafuna. Machozi yakamtoka.

"Ndiye, mama?"

"Ndiye. Yuleyule, hata pilipili yake." Akalisukuma paja moja upande wa mkeka uliokuwa wazi. "Nilidhani nikimpata kuku, nitampata na mwenzangu wa kula."

Kanu akaketi pale palipokuwa wazi, akalichukua lile paja.

"Mimi siye yeye, mama. Lakini nina njaa."

Bibi akamtazama. "Basi kula. Yeye alikuwa akianza na ngozi."

Wakala. Na kesho yake Bibi akanywa uji.

Funzo ni hili: hamu ya chakula hutulizwa na chakula. Hamu ya mtu haitulizwi na kitoweo. Huvumilika tu kwa kula pamoja. Ngano yangu nimeitua hapo.

Ila Mwalimu Kibwana Shomvi, msimuliaji mwenzangu, husimulia kwamba Bibi Fungo, alipouma kipande kile, alimsahau mumewe. Amekosea. Alimkumbuka zaidi, na ndiyo maana alikula.