Kamba ya Tusekile

Ukifunga mzigo, bakiza kamba.

Mmecheka. Nimewasikia. Mimi nasema neno la watu wazima, nyinyi mnakonyezana, na huyu Bupe ananiambia, "Bibi, begi langu lina zipu, kamba ya nini?" Haya, zipu. Redio imesema mvua kubwa inakuja, kila nyumba iweke tayari mfuko wa kukimbia nao, nanyi mmepakia vizuri, sikatai. Sasa yawekeni chini hayo mabegi mnisikilize, maana msemo huu haukuokotwa njiani. Una kwao, na kwao ni bonde hili hili.

Zamani hizo, kule chini mito inakoingia ziwani, kijana mmoja aitwaye Lwitiko alimwoa msichana wa milimani, jina lake Tusekile. Akamleta nyumbani kwa baba yake, Mzee Mwangoka. Mzee alikuwa mgane, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alijua kumekucha na alijua kumekuchwa, basi. Njia za pale nyumbani alizijua kwa fimbo.

Nyinyi wa siku hizi mnakaa meza moja na wakwe zenu mkigombania paja la kuku. Wakati ule, thubutu! Mkamwana hakumtazama baba mkwe usoni. Hakulitaja jina lake, hakumgusa, na hata nguo aliyoivaa yeye mzee hakuruhusiwa kuishika. Kusema naye ana kwa ana ndiyo kabisa. Wakikutana njiani, mwanamke aliingia majanini mpaka mzee apite. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima. Na aliyeuvunja mwiko huo, aibu ilimwangukia mwanamke: angerudishwa kwao, na maneno yangemfuata huko huko.

Sasa Lwitiko akienda shamba, hawa wawili waliobaki nyumbani waliishije? Waliishi kwa kuku. Msicheke! Palikuwa na kuku mmoja mwekundu aliyezoea kushinda mlangoni, basi yeye ndiye aliyekuwa mjumbe.

"We kuku," Tusekile alisema akiwa nyuma ya ukuta wa mianzi, "mwambie baba chakula kiko tayari."

"Kuku," mzee akajibu baada ya kuonja, "mwambie aliyepika kwamba mboga ni tamu, ila chumvi ameisahau kwao milimani."

Tusekile alijiziba mdomo kwa upande wa kitenge asisikike akicheka. Alikuwa amefiwa na baba yake angali mtoto mchanga, hakumkumbuka hata sauti. Alimpenda mzee yule. Alimpenda sana, na hakuwahi kuuona uso wake.

Basi, masika yakaja. Watu wa bonde walikuwa na desturi yao: mvua zikianza kukolea, kila nyumba ilifunga kitita cha kukimbilia na kukitundika karibu na mlango. Kitita chenyewe kilikuwa cha siku chache tu, mpaka maji yapungue au ndugu waje. Na sharti lake kubwa lilikuwa wepesi. Wanawake walimwambia Tusekile, "Ukishakifunga, panda nacho kichuguu mbio. Ukihema, punguza." Huyo mtoto wa watu, mgeni wa mafuriko, akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Alitaka mumewe arudi akute kitita chepesi kuliko vyote kijijini.

Akaweka ndizi zilizokaushwa na unga kidogo. Chumvi akaifunga kwenye jani. Kiberiti akakitia ndani ya kibuyu kidogo na kukiziba kwa nta. Akaweka blanketi moja, kisu, kibuyu cha maji, na dawa ya kifua ya mzee, maana mzee akipatwa na baridi alikohoa mpaka kuku akahama mlangoni. Sufuria ndogo akaining'iniza nje. Akapanda kichuguu, akahema. Akatoa blanketi, akaona vibaya, akalirudisha, akapunguza unga. Akapanda tena. Safari hii alifika juu akiwa anaimba.

Mwisho akaizungusha kamba, akakaza fundo vizuri. Kikabaki kipande kirefu kinaning'inia kama mkia wa mbuzi. Tusekile akakitazama, akachukua kisu.

Mzee masikio yake yalikuwa mazima. Akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Kuku, mbona nasikia kamba inakatwa?"

"Kuku, mwambie baba hiki kimezidi. Ni uzito wa bure, tena kitanasa kwenye matete."

"Haya," mzee akasema, akacheka kidogo. "Mwenye mgongo ndiye ajuaye."

Kipande kile Tusekile alikitia jikoni kikaungua.

Siku moja asubuhi Lwitiko aliwatoa ng'ombe kuwapeleka kilima cha Isuba. Alimwambia mkewe kwamba mto ungali na siku mbili tatu, akiwafikisha ng'ombe angerudi kumwongoza baba. Mto nao ulikuwa na hesabu zake. Jua halijafika utosini, maji yakaja. Hayakuja kwa kelele, yalipenya tu chini ya migomba, na Tusekile alipoinama kuokota kuni akazikuta zinaelea. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabisa, kando. Alipotoka nje kupiga yowe, aliwaona majirani kwa mbali, watoto mgongoni, wamekwisha kuvuka. Aliita, wapi! Hakuna aliyegeuka.

Kuku naye alikuwa ameshajipandia juu ya paa. Mjumbe hakuna. Tusekile akakishusha kitita ukutani, akakivaa mgongoni, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "We mzigo, mwambie baba maji yameingia. Mwambie twende. Nitagonga sufuria, yeye afuate mlio."

"Mzigo," mzee akajibu akiwa tayari ana fimbo mkononi, "mwambie nimesikia."

Wakatoka. Tusekile mbele, akigonga sufuria kwa mpini wa kisu, ngo, ngo, ngo, bila kugeuza shingo. Mzee nyuma, fimbo kwenye matope, sikio kwenye mlio. Maji ya vifundoni yakawa ya magotini. Walipita shamba la mpunga, wakapita penye nyumba ya mfua vyuma, na kila baada ya hatua chache Tusekile aliuliza, "Mzigo, baba yupo?" na sauti ikajibu, "Mwambie yupo." Alianza kuamini watafika.

Walipofika kwenye mfereji unaolitenga bonde na kilima, mambo yakaharibika. Mfereji ambao siku zote watu waliuruka, sasa ulikuwa mpana, maji mekundu, na ngurumo yake ilizima kila kitu. Aligonga sufuria kwa nguvu zake zote, mwenyewe hakuisikia. Kisha akasikia ukelele nyuma yake. Fimbo ya mzee ilikuwa imechukuliwa na maji.

Tusekile akasimama. Maji yalimfika mapajani. Alitaka kugeuka, shingo ikakataa. Akarudi kinyumenyume mpaka akaisikia pumzi ya mzee, akaunyosha mkono wake nyuma.

"Mzigo," alilia, "mwambie baba ashike mkono. Mwambie hatari haina mwiko."

Mzee hakuushika.

"Mzigo," alisema, na sasa hata yeye sauti ilimpasuka, "mwambie mimi nimekula chumvi ya kutosha. Yeye bado ni binti mdogo, hata mtoto hajapata. Watu wa kilimani hawakosi kututazama. Nikiushika mkono huu, kesho watamrudisha kwao wakimzomea. Sitaki. Mwambie aende. Akamwambie mwanangu nilibaki kwa hiari yangu."

"Siendi!"

"Mwambie aende!"

"Mzigo, mwambie siendi! Mimi nilizikiwa baba nikiwa mchanga, wa pili sitamwacha hapa!"

Wakasimama hivyo, yule anamsukuma mwenzake kwa maneno, huyu anang'ang'ania, na maji yanapanda. Kitenge chake angekitoa, lakini nguo ya mkamwana nayo ni mwiko vilevile. Matete ya kumshikisha mzee yalikuwa yamelala chini ya maji. Akili ikamzunguka, ikamzunguka, mpaka ikafika kwenye kamba. Ile aliyokuwa ameikata. Ingelikuwepo, ingekuwa sasa hivi inaning'inia mgongoni kwake, tayari, mzee angeshika tu. Alijiuma mdomo. Kamba iliyobaki yote ilikuwa imezunguka kitita, na kuipata ni kukifungua kitita.

Akakishusha kifuani, akakata fundo.

Mikono ni miwili tu, wanangu, na maji hayasubiri. Dawa ya kifua akaitia kwenye kifundo cha kitenge chake, pamoja na kile kibuyu cha kiberiti. Blanketi likaenda. Unga ukaenda, maji yakawa meupe kidogo, kisha mekundu tena. Ndizi zilizokaushwa, ambazo alizianika wiki nzima akizigeuza, alizitazama zikielea kama magome. Kisu na sufuria akaviacha vizame. Akajifunga kamba kiunoni, akairusha ncha yake ya pili nyuma, juu ya bega, bila kutazama.

"Baba ashike!" alipiga kelele. Hakumtuma mzigo, mzigo haukuwepo tena.

Kamba ikakaza.

Walivuka. Mara mbili Tusekile aliteleza na mara mbili kamba ikamshikilia, maana aliyekuwa nyuma alikuwa mwanamume aliyelima miaka yake yote na miguu yake ilijua matope. Mara moja mzee alizama mpaka kidevu, na Tusekile akavuta kwa kiuno na mgongo na kilio, mpaka akausikia uzito ule unapanda tena. Walipokanyaga nyasi za Isuba, wote wawili walianguka chini, yeye akitazama mlimani, mzee akikohoa nyuma yake. Watu waliokuwa juu walishuka mbio, na wanawake wakapiga vigelegele. Waliona kila kitu, na hapakuwa na hata mmoja aliyeona mkono umegusa mkono.

Lakini hapo ndipo majuto yalipomjia. Kila familia ilikuwa na kitita chake, na kila kitita kilitosha familia hiyo na matumbo yake, si zaidi. Waligawiwa, ndiyo, kiganja huku kiganja kule, kwa mtu mwenye njaa ni kama kumwonyesha chakula tu. Mvua haikukoma. Lwitiko alikuwa upande wa pili wa kilima na ng'ombe wake, korongo katikati limejaa maji. Tusekile alikoka moto, akamchemshia mzee dawa kwenye chungu cha kuazima, akaiweka karibu yake na kurudi nyuma ya mwamba. Pale walikaa, mmoja upande huu wa mwamba, mmoja upande ule, migongo ikielekeana.

Jioni yake alipata mapera mawili machanga. Yote mawili akayabingirisha upande wa mzee.

Moja likarudi likibingirika.

Akalisukuma tena. Likarudi tena, na safari hii limemegwa kidogo pembeni, kumaanisha mwenyewe amekwisha kula, ameshiba. Tusekile akalia. "We mwamba," alisema, "mwambie baba anisamehe. Nimemvusha nije kumwua kwa njaa. Nilikata kamba kwa kujisifu, na kwa ajili ya kipande kile chakula chote kimekwenda."

 Kisha mzee akasema, "Mwambie ale pera lake."

Akalila, chungu, pamoja na machozi yake.

Maji yalipopungua, Lwitiko alikuja mbio akianguka na kuinuka. Aliwaona wamekonda, nyumba hakuna, akamwuliza mkewe kwa ukali wa mtu aliyeogopa, "Kitita kiko wapi? Si nilikuacha na kitita?" Tusekile akainamisha kichwa.

Mzee Mwangoka ndiye aliyejibu. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, na ile kamba ilikuwa imezungushwa kwenye ngumi yake. Hakuwa ameiachia tangu mferejini, hata usingizini. Akainua ngumi ile. "Mwanangu, mkeo alibeba chakula na mimi," akasema. "Akaona vyote haviwezekani. Umekuta alichokichagua. Usimwulize kingine."

Lwitiko akapiga magoti mbele ya baba yake, akamshika miguu, akalia kama mtoto.

Mwaka ukageuka, masika yakarudi. Nyumba mpya ilikuwa imesimama, na Tusekile, sasa tumbo liko mbele, alikuwa amechuchumaa sakafuni akifunga kitita kipya. Alikipima, kilikuwa chepesi. Akazungusha kamba, akakaza fundo, akasita.  Upande wa pili wa ukuta alisikia mzee akijikohoza, akangoja jina la kuku, au la mzigo, au la chochote.

"Tusekile," mzee akasema.

Kwa jina lake. Moja kwa moja, ukuta na watu wote na wasikie.

"Tusekile mwanangu. Ukifunga mzigo, bakiza kamba."

Tusekile akakiacha kipande cha mwisho kining'inie. "Ndiyo, baba," akasema.

Na watu wa bonde, waliposikia mzee amemwita mkamwana wake kwa jina, hawakuzomea. Walikwenda nyumbani kwao kimya kimya, wakafungua vitita vyao, wakavifunga upya.

Ndivyo nilivyosimuliwa. Mtu wa kwetu akikuona umejaa kazi, umejaa mipango, kila kitu chako kimekazwa vizuri na hakuna pa mwenzio kushika, atakwambia hivyo hivyo, nawe usicheke. Kuna mtu nyuma yako. Huenda haoni, huenda anaona haya kukuomba mkono.

Ukifunga mzigo, bakiza kamba.