Jiwe Moja la Mfereji

Hapo zamani, wala si zamani sana maana wajukuu wa waliokuwapo bado wanabishana, palikuwa na mji mlimani ukiitwa Kishamvu. Mji mzima uliishi kwa mfereji mmoja. Kila mwenyeji alikuwa na jiwe lake pale maji yalipochepushwa kutoka mtoni. Mwenye jiwe alikuwa na zamu ya maji, tena alisikilizwa barazani. Asiye na jiwe ni mgeni, shamba lake linywe masalio.

Mnajua tusemavyo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe Kishamvu walikupa siku hiyohiyo ya tatu, bila haya! Lakini jiwe? Ngoja miaka kumi na miwili. Na kila mwaka liliongezwa jiwe moja tu.

Mwaka mmoja wa ukame, wageni watatu walisimama mbele ya Bi Namkunda, mkuu wa mfereji.

Mzee Lubango akaanza. "Nimengoja miaka kumi na miwili kamili. Sikuiba maji hata kata moja. Mkinipita leo, sheria yenu ni ya nini?"

"Kila kiangazi unarudi kwenu!" mtu akadakia.

"Narudi kuwaona wazazi wangu. Kwani kuhama ni kufa?"

Akafuata Nyamizi, mgeni wa miaka mitatu. "Masika yale mfereji ulipobomoka, ninyi wenyeji mlishika vichwa. Mimi niling'oa mlango wa nyumba yangu nikaziba. Hadi leo nalala na pazia. Je, miaka ingeziba?"

Wa mwisho Siwema, binti aliyezaliwa papo hapo Kishamvu. "Mama yangu alikuja mgeni. Alingoja miaka kumi na mmoja, akafa. Mkaniambia nianze kuhesabu upya. Nianze kutoka wapi, jamani? Sijawahi kutoka kokote!" Akalia, wala hakuficha machozi.

Bi Namkunda akakuna kichwa. Desturi ilitaka mwombaji alibebe jiwe lake mwenyewe toka bondeni, basi akawatuma wote watatu.

Wakapanda, kila mtu na lake. Katikati ya mlima magoti ya Lubango yakagoma. Nyamizi akatupa jiwe lake, akamsaidia mzee kushika la kwake. Siwema naye akatupa lake. Wakafika juu mikono sita, jiwe moja.

"La nani hili?" akauliza Bi Namkunda.

"Letu," wakajibu.

Weee! Vigelegele vilipasuka, hata yule mdakiaji alipiga makofi. Mwenyeji mmoja akapaza sauti, "Tubadili sheria!" Mwingine akang'aka, "Na sisi tuliongoja je?"

Bi Namkunda akalipokea jiwe, akacheka, akalishikilia juu ya maji. Lilibaki jina la mwenye jiwe tu kuitwa, naye akawageukia watu, kama ninavyowageukia ninyi.

Haya, nani alistahili? Na kabla hujanijibu, wewe uliyekaa kwa raha hapo: babu yako aliyefika hapa wa kwanza, alingoja miaka mingapi?