Mkono wa Jioni wa Mbwa Waseme

Hadithi iko mlangoni!

*Ifungulieni iingie!*

Imekuja na nani?

*Na mbwa, na mbuzi, na fisi mwenye maneno matamu!*

Basi sogeeni, mnisikilize.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama waliposema na watu wakaelewana, palikuwa na msichana aliyeitwa Mkamburi. Wazazi wake walikuwa wamefariki. Walimwachia mbuzi saba na mbwa mmoja. Mbuzi hao ndio waliokuwa baba yake, ndio waliokuwa mama yake, ndio waliokuwa shamba lake. Bila mbuzi, Mkamburi hana maziwa. Bila maziwa, Mkamburi hana kwao.

Mbwa wake aliitwa Waseme. Alikuwa mwembamba kama upinde, manyoya yanang'aa, meno meupe kama mbegu za boga. Alfajiri aliwatoa mbuzi saba. Jioni aliwarudisha mbuzi saba. Hakuwahi kurudisha sita.

Katika kijiji cha Mkamburi kulikuwa na desturi moja. Mbuzi wakishaingia zizini, mbwa husimama langoni, na mwenye mbuzi humpa kitu kidogo kwa mkono wake mwenyewe, kabla ya mtu yeyote kula. Kitu hicho kiliitwa mkono wa jioni. Siku hizo mbwa aliuomba kwa wimbo:

*Mkono wa jioni, nipe kidogo,*
*saba nimewaleta, nipe kidogo,*
*kidogo cha kwangu, nilinde tena.*

Baba yake Mkamburi alimpa Waseme ukanda wa nyama iliyokaushwa juani, isiyo na chumvi. Kesho yake, dagaa wakavu watatu. Siku ya tatu, kipande cha boga lililochemshwa. Baba alipofariki, Mkamburi alifuata vivyo hivyo. Na Waseme alikuwa na nguvu, jamani. Fisi alikuja mara ya kwanza, akafukuzwa. Akaja mara ya pili, akaumwa. Akaja mara ya tatu, akaacha nusu ya mkia.

Fisi akakaa kichakani akiramba kidonda. Akajiambia, "Mbwa huyu hashindwi kwa meno. Nitamshinda kwa mkono wa mwenye mbuzi."

Asubuhi moja Mkamburi alikuwa anachota maji mtoni. Fisi akatokea ng'ambo ya pili, akakaa chini kwa adabu.

"Hujambo, binti?"

"Sijambo, ila usivuke. Waseme yuko hapo juu."

"Namjua. Alama za meno yake ninazo mgongoni. Shujaa mkubwa yule. Nasikia unampa boga."

"Boga, na dagaa, na nyama kavu."

Fisi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mgeni akija kwenu, mnampa nini?"

"Tunampa tunachokula sisi. Kilicho kizuri zaidi."

"Basi huyo anayekulindia mali yako ni mdogo kuliko mgeni? Lo. Mimi ni adui yake, lakini naona haya kwa niaba yako."

Mkamburi akainamisha kichwa. Maneno yalimchoma, kwa sababu kwao heshima ni kumpa mtu chakula cha sahani yako. Alimpenda Waseme kuliko chochote. Akaona amemdharau siku zote bila kujua.

Jioni hiyo Waseme aliimba wimbo wake langoni. Mkamburi akampa sukari guru na kashata mbili. Waseme akautazama mkono, akala. Akapewa hivyo kwa siku saba. Meno yakaanza kumuuma, na pumzi zikawa fupi. Alirudisha mbuzi saba, lakini giza lilikuwa limekaribia.

Mkamburi akasema, "Labda anataka heshima zaidi." Akamkaangia nyama ya mafuta, yenye chumvi na vitunguu tele. Waseme akautazama mkono, akala. Akapewa hivyo kwa siku saba. Akatapika, akanywa maji mtungi mzima, manyoya yakapoteza mng'ao. Sasa mbuzi ndio waliokuwa wakimngoja njiani.

Katika zizi hilo alikuwapo mbuzi jike mzee kuliko wote. Wenzake walimwita Bibi. Akamwambia Mkamburi, "Mjukuu wangu, mimi ukinipikia pilau, utakuwa umeniheshimu au umeniua?"

"Wewe ni mbuzi, Bibi."

"Na yeye ni nani?"

Mkamburi akajifunga kanga, akatoka. Alikuwa na haraka, maana jirani walikuwa na harusi. Huko alikula kuku, akaikusanya mifupa laini iliyopikwa vizuri, akamletea Waseme. Waseme akautazama mkono, akala.

Mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kama miiba. Kipande kimoja kikamkwama Waseme kooni. Akafungua mdomo aimbe, wimbo haukutoka. Akafungua mdomo abweke, hakuna sauti.

Fisi alikuwa akisikiliza kichakani. Aliposikia kimya, akaja akitembea taratibu kama mwenye nyumba.

Lakini sikilizeni alichofanya Waseme. Hakuweza kubweka. Hakuweza kuuma. Akajivuta mpaka langoni, akalala kwa mapana, mwili wake ukawa komeo.

"Nipishe," akasema Fisi.

Waseme akatikisa kichwa.

Fisi akamvuta mguu. Waseme akashika nguzo kwa miguu mingine. Fisi akamvuta sikio. Waseme hakusogea. Akamvuta mkia. Waseme hakusogea. Ndipo Bibi akapaza sauti, "Mkamburi, mlango wako unararuliwa!"

Mkamburi akatoka jikoni na mchi wa kutwangia. Akampiga Fisi kiunoni pigo moja tu. Kiuno kikashuka, na mpaka leo hakijapanda. Mtazameni fisi anavyotembea: mbele juu, nyuma chini.

Mkamburi akapiga magoti. Akaingiza vidole kooni mwa mbwa wake, polepole, akautoa mfupa. Akalia.

"Waseme, kwa nini hukuniambia? Una mdomo."

Waseme akakohoa, akasema, "Fisi angenipa, ningekataa. Lakini ulikuwa mkono wako. Ningeuambiaje kwamba unaniua?"

Mkamburi akafuta machozi. Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza: "Wewe unataka nini?"

"Nyama kavu isiyo na chumvi. Boga. Dagaa watatu. Kidogo. Si wingi ulionifanya niwarudishe saba, Mkamburi. Ni kwamba ulikuwa unanipa kinachonifaa."

Tangu siku hiyo Mkamburi hakupeleka kitu langoni kabla ya kukiuliza mambo matatu: Una chumvi? Una sukari? Utamkwama? Kilichoshindwa kujibu vizuri kilibaki jikoni. Manyoya ya Waseme yakang'aa tena, na jioni wimbo ukasikika mpaka ng'ambo ya mto, na mbuzi wakaingia saba.

Enyi mnaonisikiliza, hata leo mbwa hunusa cha mgeni, lakini cha bwana wake humeza bila kuuliza. Yeye amekwisha kutuamini. Kuchagua ni kazi yetu. Kumpenda mwenzako si kumpa kitamu kwako, ni kumpa kinachomfaa yeye.

Hadithi yangu imepata mkono wake wa jioni, sasa imelala langoni. Atakayepita na aipite polepole.