Yakuti Isiyo na Mlima

Sikilizeni, wapendwa, na yule anayesinzia pale nyuma mshtueni kidogo. Palikuwa na mwanamke ambaye mumewe alikwenda machimboni. Aliaga akisema atarudi akipata jiwe la maana, wala hakutaja ni machimbo gani. Mvua zikaja, zikapita. Siku moja dereva wa lori akamletea yule mama yakuti nyekundu, na salamu: "Baba watoto anasema kaichimba mwenyewe." Mama akamuuliza yuko wapi, dereva akasema ameapishwa asitaje.

Majirani walipiga vigelegele. Yeye je? Alilala na jiwe kiganjani, akimlilia aliyelituma. Kila alipopika alimpakulia mumewe sahani yake, kisha chakula kikipoa anawamwagia kuku. Jamani, mnaujua upweke wa namna hiyo?

Akasikia kwamba wapimaji wa vito hulitazama jiwe ndani, wakajua limetoka mlima gani. Basi akafunga safari mpaka mjini. Mpimaji akadhani amekuja kuuza.

"Siuzi, baba. Niambie tu limechimbwa wapi, nimfuate mume wangu."

Mpimaji akalitazama kwa lenzi, akaligeuza, akalitazama tena.

"Pole, mama. Jiwe la ardhini hubeba kwao ndani yake: chembe za mwamba, nyuzi, ufa mdogo. Hili ni safi mno. Lina viputo tu na mistari iliyopinda. Limepikwa kiwandani. Halina mlima."

Mama wa watu akaketi sakafuni. Thamani haikumuuma hata kidogo. Kilichomuuma ni kwamba njia ya kumfikia mumewe imekatika.

Akamrudia yule dereva, akambana mpaka akasema kweli: mumewe hakupata kitu, na kwa aibu alinunua jiwe lile dukani. Dereva akampakia kwenye lori, akampeleka. Wakamkuta kando ya shimo, amekonda, nguo matambara. Alipomwona mkewe akaficha uso.

"Mama watoto, ningerudije mikono mitupu?"

"Kwani nilikutuma jiwe? Mikono hiyo hiyo mitupu ndiyo niliyokuwa naililia!"

Sasa nawaona mnavyomhurumia yule mama, kila mtu anajiona ndiye. Thubutu! Sisi ndio yule mume. Tumekaa mbali na Mungu tukingoja tupate cha maana cha kumpelekea, na tukikikosa tunamtumia cha kiwandani: sala iliyonyooka isiyo na chozi, sadaka ya kutangazwa, toba ya kukariri. Vinang'aa, na watu wanatusifu. Lakini Yeye huvitazama ndani akitutafuta sisi, asituone.

Ndugu yangu, Mungu amekutafuta akakukosa. Ana hamu na wewe, si na zawadi yako. Unasema utarudi ukishajitengeneza. Je, ukifa hujajitengeneza? Inuka leo, nenda hivyo hivyo ulivyo.