Rafadha Chini ya Magunia

Wapendwa, wekeni Biblia magotini kidogo niwape kisa. Nimekitunga mwenyewe jana nikipiga pasi shati hili, kwa hiyo atakayejikuta ndani yake asinilaumu.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kampuni ya meli, katika mji wa bandari kando ya ziwa. Meli zake tatu zilibeba ndizi, saruji na abiria. Angeishi kwa raha zake, ila jirani yake naye alikuwa na meli, na jirani huyo alipendwa. Ndiye aliyeshusha nauli ya mizigo hadi akina mama wa sokoni wakaweza kupeleka dagaa wao ng'ambo. Kila akisifiwa, bwana wetu donge linamkaa kooni.

Vita vikaja, adui akavamia visiwa. Jeshi halikuwa na meli za kutosha, kamanda akawaita wenye meli ukumbini. Jirani akasimama wa kwanza. "Chukueni zangu zote, na mabaharia wangu pia." Ukumbi mzima ukampigia makofi.

Hapo roho ya kwa nini ikamwingia bwana wetu. Hakuogopa vita, wala hakuwa bahili. Alichoshindwa kuvumilia ni kuwa wa pili. Akarudi zake, akazipandisha meli chelezoni, kule zinakotengenezewa, akaamuru zifunguliwe rafadha, yale mapanga yanayosukuma meli majini. Akazificha ghalani chini ya magunia. Kamanda alipokuja, akaonyeshwa meli zisizo na rafadha.

"Mbovu, afande. Zingekuwa nzima, ningekuwa mbele kuliko huyo."

Basi meli za jirani zikapeleka askari, zikarudisha majeruhi, zikaleta na mchele mjini. Redioni ni yeye, kanisani ni yeye. Siku moja mezani mkewe akasema kwa wema tu, "Baba Nestori, bila jirani tungelala njaa."

Akaisukuma sahani. "Basi kaolewe naye."

Mnacheka. Wangapi humu mmewahi kukosa hamu ya kula kwa sababu mwenzenu kasifiwa?

Asubuhi moja habari zikafika kwamba meli ya jirani imezima injini, na upepo unaisukuma kuelekea kwa adui. Na bwana wetu, nasema ilivyokuwa, alifurahi. Alioga, akavaa shati safi, akakaa barazani amwone yule mtu akipita kichwa chini.

Jirani hakupita. Aliingia uani mbio, miguu mitupu.

"Ndugu yangu, meli zangu nyingine ziko mbali. Nipe moja yako ikaivute."

"Zangu mbovu. Unajua."

"Najua. Lakini nimeona nije nikuambie mwenyewe. Nestori yumo."

Nestori, mwanawe, fundi wa injini. Meli za baba zilipokaa chelezoni, kijana aliaga kwamba anakwenda kwa mjomba wake, akaenda kuomba kazi kwa jirani. Alijua jina la jirani halitajwi kwa wema nyumbani mle.

Bwana wetu akakimbilia ghalani, akayatupa magunia kwa mikono yake. Rafadha zilikuwa nzima kabisa, zimepakwa grisi vizuri. Fundi wa chelezo akazitazama, akamtazama na yeye.

"Kuifunga hata moja ni kazi ya siku nzima, bosi. Na upepo ndio huo."

Sasa turudi kwetu sisi. Umeacha kuimba kwaya kwa sababu mwingine kapewa kuongoza. Umenyima gari lako msibani kwa sababu mfiwa alikushinda kwenye uchaguzi wa wazee wa kanisa. Umesema gari bovu. Unadhani unamkomoa nani? Meli unayoiombea izame, umeuliza nani wamepanda?

Naona macho yenu, mnataka kujua kama Nestori alirudi. Sitawaambia. Nendeni kwanza nyumbani, mkafunue magunia.