Milia na Kamba Fupi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na zizi, na zizini samadi, na juu ya samadi uyoga. Basi sogeeni, wala msimkanyage mwenzenu.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakisemezana, paliishi bibi mmoja, jina lake Nyamizi. Alikuwa na ng'ombe mmoja, Milia, na punda mmoja wa kuteka maji. Alikuwa na mjukuu pia, Limi, aliyefiwa na mama angali ananyonya. Limi alikunywa uji mtupu mpaka shingo ikawa nyembamba kama mwiko.

Milia alikuwa na mimba. "Ndama akizaliwa, maziwa yatashuka," Nyamizi alimwambia mtoto. "Vumilia, mume wangu."

Sasa, watu wa huko waliamini hivi: ng'ombe akilala jua likiwa utosini, miguu yake husahau njia ya malisho.

Siku moja mchana Milia akakunja miguu, akalala, akacheua. Punda akacheka. "Bibi, huyo amekuwa mkeka. Mimi nalala nimesimama, na maji nimeleta."

Nyamizi akachukua fimbo. "Inuka, Milia."

Milia akaimba:

*Nyamizi, niache nicheue,*
*aliye ndani anatafuta mlango.*

Nyamizi akamgonga mgongoni. Milia akainuka.

Siku ya pili Milia akalala tena. Punda akasema, "Mimba gani hiyo? Tumbo la majani tu. Anakudekea kwa sababu unamsikiliza."

"Inuka, Milia."

*Nyamizi, niache nicheue,*
*aliye ndani anatafuta mlango.*

Nyamizi akasitasita. Fimbo ikabaki juu, juu, halafu ikashuka. Milia akainuka.

Siku ya tatu Milia hakutulia. Alilala, akainuka. Akalala, akainuka. Mkia kaunyanyua, macho kayaelekeza kichakani, anataka kwenda peke yake.

"Unaona?" punda akasema. "Kuinuka anaweza. Alikuwa anakuchezea."

Nyamizi akaona haya, na haya ikageuka hasira. Akamfunga Milia kwenye nguzo kwa kamba fupi, fupi kabisa, asiweze hata kupiga magoti.

"Bibi," Milia akasema, safari hii bila kuimba, "leo nilegezee."

"Nikirudi kutoka shambani," Nyamizi akajibu. Akambeba Limi mgongoni, akaenda zake.

Huko shambani jembe halikushika udongo. Kila akiinama, anasikia ule wimbo. Akaacha mtama bila kupaliliwa, akarudi mbio.

Nguzoni palining'inia kipande cha kamba iliyokatika. Akafuata nyayo mpaka kichakani. Milia alikuwa amelala kwenye majani, anamlamba ndama. Analamba masikio, analamba pua. Ndama hakutikisika. Alikuwa amechelewa sana kutoka.

Nyamizi akasimama na mjukuu wake mgongoni.

Milia akainua kichwa. "Wewe hodari wa kuwainua waliolala," akasema. "Haya, mwinue na huyu."

Nyamizi akapiga magoti. Akamsugua ndama kwa kanga yake, akampulizia puani, akamwita majina yote mazuri aliyoyajua. Ndama hakuinuka.

Hayo ya Milia ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya ng'ombe kwa mtu. Milia alifumba kinywa, na kwa kuwa hakuwa na mwana wa kumnyonyesha, maziwa yake hayakushuka. Limi alikua kwa uji mtupu, na miguu yake haikunyooka.

Nyamizi alimtwika punda mizigo. "Wewe usiyejua kulala, beba." Lakini mizigo ya punda haikumrudisha ndama.

Kila mchana Nyamizi alikwenda kukaa ubavuni mwa Milia, jua likiwa utosini. Hakubeba fimbo. "Nisemeshe, mama," alisema. "Hata nitukane." Milia alimtazama, akacheua. Na mpaka leo ng'ombe akilala anatafuna, anatafuna, na husikii neno. Siku yake ya kuzaa ikifika, huacha kundi akaenda peke yake.

Basi wajukuu zangu, mtu akikwambia amechoka, muulize amebeba nini kabla hujamwita mvivu. Nyamizi alijua kumsikiliza punda, na aliyekuwa na mimba hakumsikiliza.

Hadithi yangu imekunywa maji, imekunja miguu, imelala. Asiiinue mtu.