Nani Aliyeuma Mkia wa Pindo?

Zamani zile samaki walipokuwa na majiko yao, na kila nyumba ikijua ni zamu ya nani kuosha vyombo, Mama Pindo alikuwa ameinamia sufuria yenye ukoko. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Mchanga ulikuwa umemwingia hadi kwenye mashavu, na chakula cha jioni kilikuwa hakijainjikwa.

Mara akasikia mtu anahema mlangoni. Alikuwa jirani yake, Bi Konokono.

"Shoga! Shoga, nimekuja mbio!"

"Mbio zako nazijua. Umetoka lini huko?"

"Asubuhi! Acha sufuria hiyo. Pindo ameliwa mkia!"

Sufuria ikamponyoka. Kwangaa!

Pindo alikuwa mwanawe wa kwanza. Alizaliwa na mkia mrefu, mpana, mwekundu kama kanga mpya iliyokunjuliwa, na kwa sababu ya mkia huo Kambale, mkubwa wa bwawa, alimchukua kuwa mpepeaji wake. Kila Kambale alipokula, naye alikula mchana kutwa, Pindo alisimama kwenye mdomo wa mfereji, pale maji yanapoingia kwa nguvu, akimpepea kwa mkia. Watu wote walisema ni heshima. Mama Pindo aliwahi kuuliza ni heshima gani hiyo isiyo na kiti wala mapumziko.

"Nani kamla?" akauliza sasa.

"Kambale anasema ni Gando, yule kaa wa kwenye mawe. Wamemfunga kwa majani, jioni anatiwa kwenye supu. Na kwa kuwa mkia wa Pindo umebaki vipande, Kambale anataka na wadogo zake wakapepee. Wote watatu."

"Wote watatu," akasema Mama Pindo polepole.

Siku zote alipopiga kelele, watoto wake hawakuogopa. Waliogopa aliposema polepole.

"Tone! Chembe! Vumbi! Mbele yangu, twende. Na asiniulize mtu chochote."

Walimkuta Kambale amejilaza juu ya matope, sharubu zimetapakaa huku na huku, shavu limejaa chakula. Pembeni alikuwapo shemeji yake, Kamongo, mrefu kama kamba ya kisima, na vyura waliokuja kutazama. Gando alikuwa amefungwa makucha yote, macho tu ndiyo yanayocheza. Na Pindo, jamani! Pindo alikuwa bado anapepea. Mkia umechanikachanika, naye anapepea!

Mama Pindo akamvuta kando, akaushika ule mkia, akautazama.

Gando akikata, hukata moja kwa moja kama mkasi. Hapa palikuwa na alama za meno za mviringo, ndogondogo, moja pembeni ya nyingine. Meno hayo aliyajua. Kila asubuhi aliyaona kwenye vitumbua ambavyo mtoto fulani aliviacha nusu.

"Pindo," akanong'ona. "Ni wewe?"

Mtoto akainamisha kichwa. "Mkia ni mzito, mama. Maji yanauvuta, yanauvuta. Nikiung'ata unapungua kidogo."

Hasira ikampanda Mama Pindo kutoka tumboni mpaka machoni. Alitaka kupiga ukelele wa kuvunja bwawa. Akaumeza. Kambale angeweza kumla yeye na wanawe wote kwa funda moja, na bado akauliza chakula kiko wapi.

"Bwana Kambale," akasema, polepole, "Gando hana kosa. Mtoto amejiuma mwenyewe."

"Buah-ha-ha-ha!" Mapovu yakamtoka Kambale, bwabwabwabwa, hadi juu. "Kajiuma! Samaki gani anaweza kufikia mkia wake? Nionyeshe mmoja tu, nami nitamfungua huyo kaa mbele ya bwawa zima!"

"Kweli?"

"Nimekwisha sema! Vyura wote hawa wamenisikia!"

"Haya. Lakini si kazi ya kila mtu. Inataka mwili mwepesi." Akamtazama tumbo, kisha akageuza macho kwa adabu. "Wewe, baba, usijaribu."

"Kwa nini nisijaribu?"

"Basi tu. Tumbo."

"Tumbo langu limefanya nini?"

"Halijafanya kitu, baba. Ndiyo shida yenyewe."

Vyura wakaangua kicheko. Kamongo naye, ambaye alipenda sana kutazamwa, akajikunja duara, akashika ncha ya mkia wake kwa midomo.

"Mbona rahisi, shemeji!"

"Wewe si samaki, wewe ni kamba!" akanguruma Kambale.

"Msimcheke mkubwa wetu," akasema Mama Pindo. "Ameshindwa, ameshindwa. Shemeji yake si amemwakilisha?"

"Nani ameshindwa? Nani? Sogeeni!"

Kambale akajipinda. Zungu! Akaukosa. Zungu! Matope yakatimka, sharubu zikamzonga shingoni.

"Karibu, baba! Bado kidogo! Shemeji alifika mara moja, lakini wewe usikate tamaa!"

Kambale akafumba macho, akatanua kinywa chote, akajitupa kwa nguvu zake zote. Nyaku!

"Yalaaaa! Mkia wangu! Yalaaaa!"

Kipande cha mkia kikapanda juu taratibu, kikaelea mbele ya kila mtu.

Ndipo Konokono alipotokea kwenye majani, anahema. "Nimechelewa? Kimetokea nini?"

"Samaki amefikia mkia wake," akasema Mama Pindo. Sasa hakusema polepole. "Mfungueni Gando!"

Kamongo akamfungua, huku akicheka hata mafundo yakamponyoka.

"Unauma, eh?" Mama Pindo akamsogelea Kambale mpaka kwenye sharubu. "Wewe umejiuma mara moja, kwa kiburi chako. Mwanangu amejiuma mara nyingi kwa uchovu, na ulikuwa unamtazama! Ulimtazama, ukaendelea kutafuna! Kipande chako kile pale. Kichukue, ujipepee mwenyewe!"

"Wakamateni!" akalia Kambale. Akajaribu kuruka, akaenda kombo. Akajaribu tena, akajigonga kwenye jiwe. Pu!

Mama Pindo hakungoja. Aliwapitisha wanawe katikati ya matete, kwenye upenyo ambao Kambale hakuwahi kupita hata kabla hajanenepa, mpaka nyumbani kwao, nyuma ya bwawa, ambako maji yametulia. Gando akaja wa mwisho, akaziba upenyo kwa mawe, akasimama nyuma yake makucha wazi.

Hapo Mama Pindo hakutafuta mganga wala dawa. Aliondoa majani yaliyooza, akatafuta jani pana karibu na uso wa maji, akamlaza Pindo juu yake ili mkia usimwelemee.

"Utaota tena?" akauliza Tone.

"Utaota ukiachwa. Na wewe usiushikeshike."

Basi mmesikia: mtoto akijiuma, kabla hujamfunga jirani, tazama mzigo uliomtwika.

Mama Pindo alikuwa amechoka, na hasira haikuwa imekwisha, lakini chakula hakijipiki. Akamaliza kusugua ile sufuria, akainjika, akapakua.

"Hakuna kula kabla sijawahesabu. Pindo?"

"Nipo."

"Tone?"

"Nipo."

"Chembe?"

"Nipo, mama."

"Vumbi? Toa mkono kwenye sahani. Upo. Gando?"

"Nipo, na njaa pia ipo."

"Konokono?"

Akafunika sahani, akakunja uso, akangoja. Wote wakangoja. Chakula kilikuwa kimeanza kupoa waliposikia mtu anahema mlangoni.

"Shoga! Nimekuja mbio!"

"Haya, tumetimia," akasema Mama Pindo, akafunua sahani. "Kuleni."